Namba ya Mfano

Rasila Dangol alikuwa mwoga, na mtaa wake wote pale Kirtipur, kando ya Kathmandu, ulijua. Kila alipotoka nyumbani alifunga mtungi wa gesi, akashuka ngazi zote hadi mlangoni, kisha akapanda tena kuhakikisha kwamba ameufunga kweli. Aliogopa mbwa wa hekaluni. Aliogopa nyaya za umeme zinazoning'inia juu ya uchochoro, aliogopa lifti, aliogopa hata bahasha zenye mhuri, kwa sababu nani amewahi kuletewa habari njema ndani ya bahasha yenye mhuri? Alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi watoto walimpenda kwa kuwa hakumchapa mtu, na hakuchapa kwa kuwa aliogopa kuumiza. Shule ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi akabaki nyumbani na mama mkwe wake, mzee Gyani Maya, ambaye haogopi kitu chochote kilichoumbwa, na aliyemwona mkwewe huyu kama burudani aliyoletewa uzeeni.

Waliomcheka walikuwa wengi. Mimi naona watu wa namna yake wana kazi yao duniani, ila hakuna anayewapa. Rasila hakupewa na mtu, aliiokota mwenyewe.

Alisoma chuo pamoja na Kishor Lamsal, kijana wa maneno mengi, mwenye kompyuta iliyobandikwa vibandiko hadi rangi yake haijulikani. Mafuriko yalipolizoa daraja la kwao, Kishor na wenzake wakatengeneza programu wakaiita Pahara, yaani lindo. Kazi yake si ngumu kueleza. Kifaa kidogo kinafungwa darajani juu ya kijito, kinapima kina cha maji. Maji yakipanda kinatuma meseji kwenye simu ya mlinzi wa kijiji. Mlinzi anatoka, anautazama mto, na akiona mambo yameharibika anajibu neno moja tu, PIGA, na king'ora kinalia kijiji kizima. Zamani king'ora kilijilia chenyewe. Lakini siku moja nyati aliingia kuoga chini ya daraja, watu wote wakakimbilia mlimani na sahani za wali mikononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekijali tena. Ndiyo maana ikaamuliwa kwamba kabla ya kelele lazima pawepo mtu.

Pahara ni programu huria. Anayeitaka anaichukua, anaitumia, anaichokonoa, haombi ruhusa wala halipi. Watengenezaji wake wametawanyika: Kishor yuko Pokhara, mwingine Kolombo, na mmoja yuko Ujerumani ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Wote walipenda kutengeneza. Kuandika mwongozo hakuna aliyependa. Matokeo yake mwongozo ukawa jaa la takataka. Kurasa za kufunga kifaa zilikuwa tatu na kila mmoja ulimbishia mwenzake. Mmoja uliishia katikati kwa maneno "nitamalizia kesho", na kesho hiyo ilishapita miaka. Mtu akiuliza swali kwenye kundi lao la mtandaoni alijibiwa "soma mwongozo", tena na watu ambao wenyewe hawakuwahi kuusoma.

Rasila aliusoma wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuogopa, alikasirika. Akampigia Kishor.

"Hivi mnajua mmeandika nini humu?"

"Mwalimu! Umepatwa na nini?"

"Ukurasa huu unasema washa kwanza ndiyo uweke laini. Huu unasema ukiwasha kabla ya laini kifaa kinaungua. Mtu wa kijijini afuate upi?"

"Ule ambao hauunguzi," Kishor akasema huku akicheka. "Basi urekebishe wewe. Tena ukitaka, uingie hata kwenye programu yenyewe, mlango uko wazi."

"Kwenye programu siingii. Nikikosea huko mtu atakufa."

"Na kwenye mwongozo?"

"Kwenye mwongozo nikikosea nitatukanwa tu."

Akaanza kazi. Alifuta, akaunganisha, akapanga. Hakuandika hatua hata moja ambayo hakuijaribu kwa mikono yake. Kifaa alichotumiwa kutoka Pokhara alikifunga juu ya ndoo uani, akawa anamimina maji kwa kikombe na kusoma meseji zinazoingia kwenye simu yake mwenyewe. Gyani Maya alimtazama kutoka dirishani, kwenye mtambo wake wa kufumia.

"Wenzangu wana wakwe wanaopika," mzee alisema. "Mimi nimepata anayelinda ndoo isifurike."

Pale palipokuwa na shida kubwa ni mahali pa kuandika namba ya simu ya mlinzi. Mwongozo wa zamani uliacha pengo, na ndani ya pengo maneno "weka namba hapa". Watu wakayaacha maneno yaleyale, au wakaandika namba juu yake nusunusu, na kifaa kikagoma, kisha wakaja kundini kulalamika kwamba Pahara ni mbovu. Rasila akaondoa mapengo yote. Akaandika mfano kamili, unaofanya kazi, kama ulivyokuwa kwenye ndoo yake: jina la kituo, Kituo 1, kina cha hatari, sentimita ishirini, kwa sababu ndoo haikuwa na zaidi, na namba ya simu, yake. Ukifuata vile, taa ya kijani inawaka. Chini yake akaandika onyo kwa herufi nene: badilisha namba hii uweke ya mlinzi wako, na kina uweke cha mto wako.

Kisha akafanya kosa. Ni kosa ambalo mtu mchafu hawezi kulifanya, mpaka uwe unapenda usafi. Alipomaliza aliona ukurasa wa kwanza umejaa maonyo hadi unatisha, na yeye alijua kutishika kulivyo. Akayakusanya maonyo yote akayahamishia ukurasa wa mwisho, akaupa jina Tahadhari, na ukurasa wa kwanza akauita Anza Hapa. Ukabaki mweupe, umenyooka, unasomeka hata na mtoto. Kishor alimwandikia kwamba huo ndio mwongozo mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona, na Mjerumani asiye na sura akatuma kidole gumba. Rasila alitembea wiki nzima kichwa juu.

Mvua za mwezi wa Asar zikaingia.

Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi huo, siku ya mtindi na mchele wa kubonda, ambayo kila mwenye shamba huwa matopeni akipandikiza mpunga, watu wakirushiana tope na kuimba. Mume wa Rasila alikuwa bondeni na ndugu zake. Gyani Maya alisema magoti yake hayataki tena tope, akawa anafuma. Rasila alikuwa anachemsha chai, na simu ikatetemeka juu ya kabati la vyombo.

"PAHARA. Kituo 1. Kina sentimita 45. HATARI."

Alichofikiria kwanza ni kwamba amesahau kifaa kwenye ndoo na mvua imeijaza. Akaenda uani. Ndoo ilikuwa imefunikwa kifudifudi. Akaenda kabatini. Kifaa kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa, kikavu, betri iko pembeni.

"Mama, umegusa kifaa changu?"

"Kifaa? Nimekaa hapa tangu asubuhi hadi makalio yamekufa ganzi."

"Kimetuma meseji. Na hakina betri."

"Basi ni mzimu wa ndoo, umekukumbuka," mzee akasema, na mtambo ukaendelea kugonga.

Rasila akarudi jikoni, akamimina chai, akainywa bila kuisikia ladha. Alijiambia ni meseji ya zamani iliyochelewa njiani. Mitandao ndiyo ilivyo. Meseji ya pili ikaingia.

"PAHARA. Kituo 1. Kina sentimita 70. HATARI."

Ndipo alipoitazama namba iliyotuma. Haikuwa ya kifaa chake. Hakuwahi kuiona. Na hapo hapo akajua, na kikombe kikamponyoka. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amefungua ukurasa mzuri wa Anza Hapa akaufuata vilevile ulivyo. Jina la kituo lilikuwa la ndoo. Kina cha hatari kilikuwa cha ndoo. Na namba ya mlinzi ilikuwa ya Rasila Dangol wa Kirtipur. Hata meseji ya majaribio lazima aliipata siku kifaa kilipofungwa, lakini siku zile alikuwa akipokea za ndoo yake mwenyewe mfululizo na hakutofautisha.

Maji yalikuwa yanapanda kwenye kijito asichokijua, na mtu aliyepaswa kutoka akautazame mto alikuwa amesimama jikoni kwake, kati ya vipande vya kikombe.

Aliipigia ile namba. Ikaita, ikaita, ikaita. Ilikuwa laini iliyo ndani ya kifaa, darajani, na kifaa hakina mdomo. Akampigia Kishor.

"Kishor, nani amefunga Pahara mpya? Niambie majina."

"Majina gani? Mwalimu, hii ni programu huria. Mtu anachukua, anaondoka, hatumwandikishi. Kwani kuna nini?"

Akamweleza.

"Tulia," Kishor akasema. "Labda ni mtu anajaribu kwenye ndoo, kama wewe."

"Sentimita sabini?"

"Pipa, basi."

"Kishor!"

"Naandika kundini sasa hivi. Wewe piga kampuni ya simu, wana jina la mwenye laini."

Kampuni ya simu ilimpigia muziki sikioni. Akakaa chini sakafuni na mgongo kwenye mtungi wa gesi. Akaja binti mwenye sauti ya asali.

"Dada, taarifa za mteja hatutoi kwa simu."

"Sitaki jina lake. Niambie wilaya tu. Niambie mnara."

"Lete barua ya polisi, dada, kituo chochote kilicho karibu nawe."

"Watu watakufa!"

"Naelewa, dada. Kuna kingine nikusaidie?"

Rasila hakumchukia yule binti. Naye aliogopa kufanya kosa, kila mtu na lake. Simu ilitetemeka ikiwa bado sikioni: sentimita 110.

Kishor akapiga tena. Kundini hakuna aliyejibu. Siku ya mtindi nani anashika simu? Rasila akamwuliza kile alichokuwa anakizungukazunguka tangu mwanzo.

"Nikijibu PIGA, king'ora kitalia?"

"PIGA ni ya mlinzi," Kishor akasema.

"Kishor, namba ya mlinzi ni yangu. Kitalia?"

"Kitalia," akasema. "Lakini ngoja. Nisikilize. Mimi nilikuwepo siku ya nyati. Watu wakikimbia bure mara moja, mara ya pili hawatoki, na mara ya pili ndiyo inayoua. Hujui mto huo. Mito mingine hapo ndipo inapoanza tu, maji yanapita na mambo yao."

"Na mingine?"

"Na hujui kijiji kimekaaje. Labda watu wako salama ndani, na njia ya kupandia mlimani inavuka kijito hichohicho. Utawatoa ndani uwapeleke majini. Hatari uliyoandika ni ya ndoo, Mwalimu. Neno hilo halina maana yoyote."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtesa Rasila. Akipiga, huenda akaua. Asipopiga, huenda akaua. Yeye, ambaye kuku akichinjwa hutoka nje. Alitamani mtu yeyote aje amnyang'anye ile simu: Kishor, polisi, hata yule binti wa asali. Alifikiria kuizima. Nisifiche, alifikiria kweli, akaweka na kidole kwenye kitufe. Simu ingezimwa, yeye asingejua, na asiyejua halaumiwi.

Ikatetemeka mkononi. Sentimita 165.

Mtambo wa kufumia ulikuwa umenyamaza. Gyani Maya alisimama mlangoni, ameshika nguzo kwa ajili ya magoti yake. Alikuwa amesikia yote, maana Rasila akiogopa huongea kwa kupiga kelele.

"Mama," Rasila akasema. "Kama ungekuwa matopeni leo, unapanda, na king'ora kikalia bure..."

"Ningemtukana aliyekitengeneza na mama yake."

"Lakini ungekimbia?"

"Ningekimbia nikitukana," mzee akasema. "Unafikiri mtu anaacha kukimbia ili atukane vizuri?"

Rasila alimtazama. Matopeni. Siku ya leo hakuna kijiji chenye watu ndani ya nyumba. Kokote kilipo kile kijito, watu wako chini kabisa, mashambani, pembeni mwa maji, miguu imezama tope, wanaimba na hawasikii. Na jambo jingine likamjia, la kwake mwenyewe. Maisha yake yote amekimbia vitu ambavyo havikuja. Mbwa hawakumng'ata, nyaya hazikuanguka, gesi haikulipuka. Alikuwa amechekwa sana, na kuchekwa hakujamuua.

Akaandika PIGA, akatuma. Mshale mdogo ukazunguka, ukazunguka, ukawa mwekundu. Haikwenda. Mtandao ulikuwa umekatika na mvua.

Sehemu pekee yenye mtandao wa uhakika ilikuwa kwenye paa, na radi ilikuwa inapiga upande wa Chobhar. Kwa siku ya kawaida Rasila radi ikipiga hukaa katikati ya chumba, mbali na dirisha, miguu ameiweka juu ya mkeka. Alipanda ngazi kwa mikono na miguu akiwa analia wazi wazi kama mtoto, akasukuma mlango wa paa, akatoka. Mvua ikampiga usoni. Akaikumbatia simu kifuani, akainama juu yake, akabonyeza tena. Anga ikawaka nyeupe. Hakukimbia. Akangoja, macho ameyafumba, hadi aliposikia mtetemo.

"PAHARA. Kituo 1. King'ora kinalia."

Akafumbua macho. Chini bondeni waliopandikiza mpunga walikuwa wanaendelea na kazi, vidoti vya rangi kwenye tope, mtu mmoja anamkimbiza mwenzake. Hakukuwa na king'ora chochote. Mahali fulani nyuma ya milima kilikuwa kinalia kwa mkono wake, watu walikuwa wananyanyua vichwa, au hawanyanyui, na yeye hakusikia ila mvua tu. Sijui kama kuna woga mbaya kuliko huo. Mwenyewe alisema baadaye kwamba aliowahi kuuonja kabla ya hapo haukuwa kitu.

Meseji ikaja: 240. Namba hazikuwa zinapanda tena, zilikuwa zinaruka. Halafu 310, na hapo zikaganda. Mia tatu na kumi. Mia tatu na kumi. Kishor, aliyekuwa akisomewa kila moja kwa simu, alikuwa anarudia tu, "Mungu wangu, Mwalimu, Mungu wangu." Gyani Maya alimvua mkwewe nguo zilizolowa, akamvisha zake, akamwekea mtindi na mchele wa kubonda mbele yake. Haukuliwa. Rasila alifungua kompyuta, akaondoa namba yake kwenye ukurasa wa kwanza, akarudisha lile onyo mahali pake pa zamani kwa herufi nene. Alijua anafanya kazi ya kuchelewa. Waliokwisha kuuchukua ukurasa walikuwa nao, na hakujua ni wangapi.

Jioni ilipoanza kuingia, simu iliita. Haikuwa meseji, iliita. Namba ngeni. Gyani Maya alinyoosha mkono aipokee yeye, lakini Rasila akatikisa kichwa.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kukwaruza, na nyuma yake watu wengi na mvua. "Samahani, hapo ni ofisini?"

"Wewe ni nani, dada?"

"Naitwa Suntali Praja, wa kikundi cha akina mama cha Kamerekhola. Sisi ndio wenye ile mashine ya maji. Nimepiga nishukuru."

Rasila alikaa.

"Tulikuwa matopeni sote," Suntali akaendelea, akihema. "Tunaimba, mvua imetuziba masikio. Kikalia! Wengine wakacheka, wakasema mashine imelewa. Mimi nikawaambia tokeni, tokeni, yule mtu ameona. Nikamvuta mmoja mmoja. Hatujafika hata kwenye kanisa pale juu, mto ukaja. Mashamba yote umebeba, dada. Yote. Na kinu. Lakini watu tumetoka."

"Mtu gani ameona?"

"Wewe! Mtu wa ofisi. Si mna namba kwenye karatasi? Binamu yangu alituchapishia kule sokoni, ule ukurasa wa Anza Hapa. Tukafuata vilevile, hatukubadilisha hata nukta. Taa ya kijani ikawaka. Nikawaambia wenzangu, basi kuna mtu Kathmandu anatuangalizia maji, sisi tupande mpunga wetu."

Gyani Maya alikuwa amekaa chini karibu na mkwewe, sikio kwenye simu.

"Watu wote wametoka?" Rasila aliuliza.

"Baba mkwe wangu alirudi kufungua mbuzi. Nilimwambia aache. Alisema king'ora ndiyo kwanza kimelia, nafasi ipo." Sauti ikashuka. "Bado tunamtafuta. Vijana wako kule chini na tochi. Maji yalikuja nyuma ya king'ora, hapo hapo. Kingelia mapema kidogo tu angewatoa, mbuzi wenyewe wawili. Lakini na nyie huko si mnaona kwa mbali, si rahisi, najua. Hatulaumu."

Rasila aliona kila kitu alichofanya tangu meseji ya kwanza. Kwenda kabatini. Kumimina chai, kuinywa. Muziki wa kampuni ya simu. Kidole chake juu ya kitufe cha kuzima. Mwanamke huyu alikuwa amemwandalia uongo ulio tayari, mtamu, wa kuitikia tu: ofisi, mbali, si rahisi. Angesema ndiyo dada, poleni dada, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Gyani Maya. Mzee alimshika mkono wa kushoto akaubana kwa nguvu, hakusema afanye nini.

"Dada Suntali," akasema. "Hakuna ofisi. Namba hii ni yangu mimi, nyumbani kwangu. Niliiandika kama mfano tu, mlitakiwa mweke yenu, na onyo la kuwaambia hivyo nililiweka mahali pabaya. Meseji zenu zilianza kuja mapema. Sikujua ni za nani. Nilipojua, niliogopa. Nimewacheleweshea king'ora mimi."

Alisikia mvua ya Kamerekhola ikipiga mabati, na mbali sana, sauti za wanaume zikiita jina moja, zikinyamaza kusikiliza, zikiita tena.

"Unaitwa nani?" Suntali akauliza.

"Rasila."

"Uko na nani hapo?"

"Na mama mkwe wangu."

Mwanamke yule alivuta pumzi, akaitoa.

"Basi usiizime hiyo simu, Rasila," akasema. "Mvua bado inanyesha huku."